UZI: Mashine zilizofanikiwa haziuigi ubongo, na zinazouiga kweli bado hazijafanikiwa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, kuna hesabu moja inayorudiwa sana: ubongo una nyuroni (seli za neva) bilioni kadhaa, chipu ya kisasa ina transista (swichi ndogo sana za umeme) bilioni kadhaa, kwa hiyo mashine imeshatufikia, au imebakiza hatua mbili tatu. Mimi naona hesabu hiyo haina kichwa wala miguu, na nitaeleza kwa nini. Uzi ni mrefu, asiye na muda apitie tu.

Tuanze na hiyo idadi ya nyuroni, maana ndiyo watu wanayoipenda. Vitabu vya zamani viliandika bilioni 100 bila kueleza imetoka wapi. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, likaja na hesabu nzuri zaidi. Mbinu yao ilikuwa ya kibabe kidogo. Unachukua ubongo, unausaga kwenye sabuni maalumu hadi unakuwa kimiminika. Utando wa seli unayeyuka, viini vyake vinabaki vizima. Unakoroga mpaka viini vitawanyike sawasawa, unachota matone, unavipaka rangi, unavihesabu chini ya hadubini, kisha unazidisha. Jibu likawa nyuroni kama bilioni 86.

Sasa angalia zimekaa wapi. Takriban bilioni 69 ziko kwenye ubongo mdogo, ile sehemu ya nyuma, chini ya kisogo, inayoratibu mwendo. Gamba la ubongo, ambalo tunalihusisha na lugha, mipango na fikra nzito, lina kama bilioni 16 tu. Na wapo watu waliozaliwa bila huo ubongo mdogo kabisa. Wanachelewa kutembea, kusema kwao kuna shida, mwendo unayumba, lakini wanaishi, wanaongea, wanafahamu mambo. Yaani mtu anaweza kukosa karibu nyuroni nne katika kila tano na bado akabaki mtu mwenye akili zake. Mwenye kujenga hoja kwa idadi peke yake hapo inabidi apumue kwanza.

Kwa upande wa kasi hakuna hata ubishi. Mpigo mmoja wa umeme kwenye nyuroni unachukua kama milisekunde moja, na neva zetu zenye kasi kuliko zote husafirisha ujumbe kwa mita 120 hivi kwa sekunde. Kompyuta ya ENIAC ya mwaka 1945, iliyojaa chumba kizima, ilikuwa inajumlisha namba mara 5,000 kwa sekunde. Ubongo ulishaachwa kwenye mbio hizo kabla wengi wetu hatujazaliwa, na haujaonekana kujali.

Tofauti ya maana iko kwenye umeme. Ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi, unaendeshwa na wati kama 20. Kompyuta kuu ya Frontier iliyoko Oak Ridge, Marekani, iliyoongoza duniani mwaka 2022, inakula megawati kama 20. Hiyo ni mara milioni moja. Mbona?

Sababu kubwa ni mpangilio ambao John von Neumann aliuandika mwaka 1945 na ambao karibu kila kompyuta inaufuata mpaka leo: prosesa, yaani sehemu inayokokotoa, iko huku, kumbukumbu iko kule, katikati kuna njia. Kila namba inayotakiwa kukokotolewa lazima isafirishwe kutoka kumbukumbu kwenda kwenye prosesa, na jibu lirudishwe. Kwenye chipu za leo usafiri huo unakula umeme mwingi kuliko kuzidisha kwenyewe.

Kwenye ubongo hakuna ghala upande huu na kiwanda upande ule. Kinachotunza ndicho kinachokokotoa. Chukua kiungio kimoja kati ya nyuroni mbili, sinapsi. Mpigo unafika mwisho wa waya wa nyuroni, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za kalisi zinaingia, vifuko vidogo vyenye kemikali vinapasuka, kemikali inavuka mwanya wa kama nanomita 20, upande wa pili milango inafunguka na ioni za sodiamu zinaingia. Uimara wa kiungio hicho, yaani ni vifuko vingapi viko tayari na milango iko mingapi, ndiyo kumbukumbu. Na ndio huohuo unaoamua hesabu itoke vipi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sinapsi nyingi hazitegemeki. Mpigo unafika, na mara nyingi hakuna kifuko kinachopasuka. Ujumbe umepotea. Mhandisi akiletewa kifaa cha namna hiyo anakitupa jalalani asubuhi hiyohiyo. Ubongo umejengwa kwa vifaa hivyo, vinavyokadiriwa kufika trilioni 100 au zaidi, na unafanya kazi miaka 80.

Sasa tuje kwenye mashine zinazosemwa zinaiga. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliichukua nyuroni wakaichuja hadi ikabaki kitu kimoja: jumlisha vinavyoingia, vikivuka kiwango, piga, visipovuka, nyamaza. Frank Rosenblatt akajenga juu ya hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams wakaonyesha jinsi ya kufundisha mtandao wa nyuroni hizo za kuigiza, wenye tabaka kadhaa, kwa kurudisha kosa nyuma: mashine inatoa jibu, unapima limekosea kiasi gani, unarudi nyuma tabaka kwa tabaka ukirekebisha kila kiungio kidogo. Akili mnemba yote mnayoitumia leo imesimama juu ya hilo, na mwaka 2024 Hinton alipata Nobeli ya fizikia pamoja na John Hopfield.

Lakini uliza ni kiasi gani cha ubongo kimebaki humo. Kidogo mno. Mwaka 1989 Francis Crick, yule wa muundo wa DNA, alishalalamika kwamba ubongo haurudishi kosa namna hiyo: ujumbe kwenye nyuroni unasafiri upande mmoja, na hakuna barabara ya kurudia inayojua uimara wa kila kiungio. Na mwaka 2021 watafiti wa Israeli walijaribu kuiga nyuroni moja tu ya gamba la ubongo kwa mtandao wa kompyuta. Ili mtandao huo uigize vizuri, ulihitaji tabaka tano mpaka nane. Nyuroni moja! McCulloch na Pitts waliifanya swichi.

Upande wa pili wapo walioamua kuiga kwa dhati. Carver Mead wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, miaka ya 1980, aliona kwamba transista ukiipa umeme mdogo sana, chini ya kiwango chake cha kawaida cha kuwaka, mkondo wake unafuata hesabu inayofanana na ya milango ya ioni kwenye nyuroni. Kutoka hapo ikazaliwa fani nzima. IBM ilitoa chipu ya TrueNorth mwaka 2014: nyuroni milioni moja za kuiga, sinapsi milioni 256, na matumizi ya kama milliwati 70. Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 2018 kiliwasha kompyuta ya SpiNNaker yenye viini vya prosesa milioni moja. Mwaka 2024 Intel ikaja na mashine ya Hala Point, nyuroni za kuiga bilioni 1.15.

Kazi nzuri kabisa. Ila huduma za akili mnemba tunazozitumia kila siku haziendeshwi na hata moja kati ya hizo. Zinaendeshwa na kadi za michoro, vifaa ambavyo asili yake ni michezo ya video. Hapo ndipo penye utata wangu: kilichofanikiwa kimeuacha ubongo mapema sana, na kinachoufuata kwa karibu bado kiko maabara.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nondo. Lakini mbona unazunguka? Si wachore ramani ya ubongo wote, waya kwa waya, waiingize kwenye kompyuta, wabonyeze kitufe, kazi iishe?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, hilo lilishajaribiwa kwa mnyoo.

Kuna mnyoo wa udongoni anaitwa Caenorhabditis elegans, urefu wake kama milimita moja. Ana nyuroni 302, basi. Watafiti wa Cambridge walimkata vipande vyembamba kupindukia, wakapiga picha kila kipande kwa hadubini ya elektroni, wakafuatilia kila waya kwa macho na kalamu, kipande hadi kipande. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, ikachapishwa mwaka 1986. Waya zote zinajulikana. Ramani ipo, wazi kwa yeyote.

Mpaka leo hakuna mnyoo wa kwenye kompyuta anayeishi kama yule wa udongoni. Wapo wa kuigiza wanaojinyonganyonga na kuogelea, lakini ukitaka atafute chakula, ajifunze harufu mbaya, abadili nia akishiba, kama afanyavyo mwenyewe, hupati.

Kwa sababu ramani inakuonyesha nani kaunganishwa na nani, lakini haikuambii kiungio hiki kina nguvu kiasi gani, kinachochea au kinazuia. Halafu kuna kemikali ambazo hazipiti kwenye waya kabisa. Zinamwagwa mwilini na kubadili tabia ya nyuroni zilizo mbali. Mnyoo mwenye njaa na mnyoo aliyeshiba wana waya zilezile, lakini hawafanyi mambo yaleyale. Na nyuroni zake nyingi hazipigi mipigo kama zetu. Umeme wake unapanda na kushuka taratibu.

Baada ya mnyoo, inzi wa matunda: ramani kamili ya ubongo wake mzima ilitoka mwaka 2024, nyuroni kama 139,000 na sinapsi zaidi ya milioni 50. Mwaka huohuo Harvard na Google wakatoa ramani ya kipande cha gamba la ubongo wa binadamu, kilichotolewa wakati wa upasuaji wa mgonjwa wa kifafa. Ukubwa wake ni milimita moja ya ujazo, yaani punje. Ndani yake seli kama 57,000, sinapsi kama milioni 150, na data zilizochukua petabaiti 1.4, yaani gigabaiti kama milioni 1.4. Ubongo mzima una milimita za namna hiyo zaidi ya milioni moja. Piga hesabu mwenyewe utazihifadhi wapi.

Kuhusu kubonyeza kitufe: mwaka 2013 wataalamu wa Japani na Ujerumani waliitumia kompyuta kuu iliyoitwa K kuigiza nyuroni bilioni 1.73, kama asilimia mbili ya zetu, tena nyuroni zilizorahisishwa. Sekunde moja ya uhai wa mtandao huo iliichukua kompyuta dakika 40.

Mwanasayansi wa ubongo Henry Markram alisimama mbele ya watu mwaka 2009 akasema ubongo wa binadamu utakuwa ndani ya kompyuta katika miaka kumi. Ulaya ikaanzisha mradi mkubwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata mamia ya wanasayansi wakaandika barua ya wazi kuupinga, uongozi ukabadilishwa, mradi ukafungwa mwaka 2023. Uliacha ramani na zana nzuri. Ubongo ndani ya kompyuta haukuonekana.

#4 – Mchangiaji

Mimi nawapinga nyote. Mashine ilimfunga bingwa Lee Sedol mchezo wa Go, ule wa ubaoni, mwaka 2016, michezo minne kwa mmoja. Inatafsiri, inaandika programu, inasoma picha za hospitali. Kama kazi inafanyika, inatuhusu nini kama inafanana na ubongo ama la? Huu ni wivu wa binadamu tu.

#5 – Mleta uzi

Ndugu, kwenye matokeo sikupingi. Lakini kufanana au kutofanana kunajitokeza pale mashine inapoanguka, maana haianguki kama mtu.

Mfano maarufu wa mwaka 2014: picha ya panda. Mashine inasema ni panda, uhakika wa asilimia 57.7. Watafiti wakaongeza juu ya picha chengachenga zilizokokotolewa kwa makusudi, kidogo kiasi kwamba jicho halioni mabadiliko yoyote. Wewe ukiziweka picha mbili pembeni utaapa ni ileile. Mashine ikasema ni giboni, aina ya nyani mdogo, tena uhakika wa asilimia 99.3. Haikusitasita hata kidogo. Binadamu hukosea sana kuona, lakini si kwa njia hii.

Pili, kiasi cha mafunzo. GPT-3, programu ya lugha ya mwaka 2020, ilifundishwa kwa vipande vya maneno kama bilioni 300. Mtoto wa miaka 13 anakadiriwa kuwa amesikia maneno yasiyofika milioni 100 tangu azaliwe, na tayari anakujibu jeuri kwa sarufi safi.

La tatu ndilo kubwa kwangu: kusahau. Mwaka 1989 McCloskey na Cohen waliufundisha mtandao kujumlisha kwa moja: 1+1, 1+2, mpaka 1+9. Ukajua zote. Kisha wakaufundisha kujumlisha kwa mbili. Ukajua za mbili, na zile za moja zikafutika karibu papo hapo. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuchanganya, lakini hatoki darasani akiwa hajui tena 1+3. Mtandao unafutika kwa sababu viungio vilevile vinavyobeba somo la zamani ndivyo vinavyosogezwa kulipisha jipya. Ndiyo maana mashine kubwa za leo zinafundishwa, zinafungwa, halafu ndipo tunapewa tuzitumie. Zikizungumza na wewe kutwa nzima, uimara wa viungio vyake haubadiliki.

Ubongo ulilitatuaje? Kidokezo kilitoka kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kutuliza kifafa. Walimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kipande kilicho ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Daktari akitoka chumbani na kurudi, ni mgeni. Ajabu ni kwamba mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo, na siku hadi siku mkono ukawa bora zaidi, ingawa mwenyewe kila mara aliapa hajawahi kuchora kitu hicho. Mambo ya utotoni nayo aliyakumbuka. Kwa hiyo kuna mfumo unaonasa haraka, hipokampasi, na kuna mwingine unaotunza polepole, gamba. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton waliona kwamba panya akilala, nyuroni za hipokampasi zilizopiga pamoja alipokuwa akizunguka mchana zinapiga pamoja tena usingizini. Anarudia somo.

Na hapa lazima niwe mwaminifu kwa upande wenu: wazo hilo liliigwa, na likalipa. Programu ya kampuni ya DeepMind iliyojifunza michezo ya video ya Atari, 2015, ilikuwa inahifadhi matukio yake ya nyuma na kuyarudia kwa kuyachanganya. Kwa hiyo mbinu za ubongo zinahamishika. Mimi naona kinachoigika ni mbinu. Waya zenyewe hazijatufikisha mbali.

#6 – Mchangiaji

Kuna safari ya kinyume pia, mleta uzi umeiruka. Hesabu ya kujifunza kwa thawabu, ya watafiti wa kompyuta akina Sutton na Barto, ilitangulia kwenye kompyuta. Baadaye ikaja kuonekana kwenye nyuroni za dopamini (kemikali ya ubongo) za nyani waliochunguzwa na mwanasayansi Wolfram Schultz.

#7 – Mleta uzi

Kweli mkuu, asante. Niongezee kwa wasioijua. Nyani anapewa tone la juisi bila kutarajia, nyuroni za dopamini zinapiga kwa nguvu. Ukiwasha taa kila mara kabla ya juisi, baada ya muda zinapiga taa inapowaka, na juisi ikija zinatulia tu. Sasa washa taa, halafu mnyime juisi: mipigo inashuka chini ya kawaida, tena wakati uleule ambao juisi ilipaswa kufika. Nyuroni hizo hazipimi raha, zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Makala ya mwaka 1997 ya Schultz, Dayan na Montague ilionyesha kwamba hiyo ndiyo ile namba ya kosa iliyokuwa tayari kwenye programu za kompyuta. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba kulinganisha vitu hivi viwili si mchezo wa maneno.

#8 – Mchangiaji

Swali langu fupi: itakuja kujitambua au haitajitambua?

#9 – Mleta uzi

Hakuna kipimo ambacho wote wanakikubali, kwa hiyo anayekujibu ndiyo au hapana kwa kishindo anakuuzia maneno. Mwaka 1998 Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 tutajua ni nini hasa ndani ya ubongo kinacholeta fahamu. Mwaka 2023 Koch akalipa deni lake la mvinyo. Na dau lilihusu ubongo tu, mashine haikuwemo.

#10 – Mchangiaji

Turudi kwenye umeme. Kama shida ni kusafirisha data kati ya kumbukumbu na prosesa, si watengeneze kifaa kinachofanya vyote viwili pale pale?

#11 – Mleta uzi

Vipo. Leon Chua alikitabiri kimahesabu mwaka 1971 kifaa kinachoitwa memrista, ambacho ukinzani wake unategemea umeme uliowahi kupita ndani yake. Mwaka 2008 maabara za Hewlett-Packard zikatangaza zimekipata. Ukivipanga vifaa hivyo kama wavu, safu kwa safu, ukatia volti upande mmoja, mikondo inayotoka upande wa pili ndiyo jibu la kuzidisha, na namba zenyewe hazijahama mahali zilipotunzwa.

Tatizo ni tabia zake. Viwili vilivyotengenezwa pamoja havifanani, ukinzani unahama wenyewe kadiri muda unavyopita, na ukikiandikia namba leo si lazima uikute ilivyo kesho. Yaani vimekuwa kama sinapsi kwa uzuri na kwa ubaya. Ubongo unajifunza huku vifaa vyake vikiteleza, kwa sababu kila kiungio kinarekebishwa hapo hapo kilipo, kwa taarifa inayokifikia. Njia ya 1986, ile ya kurudisha kosa nyuma, inataka namba safi na kosa lililopimwa kwa usahihi kutoka mwisho wa mtandao hadi mwanzo. Mnaovisoma vifaa hivi, ugumu uko hapo zaidi kuliko kwenye kuvitengeneza: kupata njia ya kufundisha inayokubali vifaa vibovu na bado ikafikia ubora wa ile ya kurudisha kosa nyuma kwenye mitandao mikubwa. Zimependekezwa kadhaa, na kwenye mitandao midogo zinafanya vizuri.